Fahamu: Oktoba 10 nchini Kenya ni sikukuu gani?

Mbunge anayewatumia wapiga kura wake salamu za Siku ya Utamaduni amepitwa. Tangu 2024, kisheria, Oktoba 10 ni Siku ya Mazingira.

Ilitoka wapi?

Awali ilikuwa Sikukuu ya Moi, kumuenzi Daniel arap Moi, aliyeingia Ikulu 1978. Katiba ya 2010 iliiacha nje: ilitaja Madaraka, Mashujaa na Jamhuri pekee. Mahakama Kuu ikairejesha 2017, kisha serikali ikaigeuza kuwa ya utamaduni, yaani ngoma, mavazi na vyakula vya jamii mbalimbali.

Kwa nini mazingira sasa?

Serikali inalenga kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ngoma hazikupigwa marufuku, ila siku hiyo sasa watu huhimizwa kupanda miti. Mapumziko yamebaki palepale.