Bibi kaleta jogoo na asali, nyumba ikawaka moto!

Wiki hii mniruhusu nianike mambo ya nyumbani kwangu, maana najua yaliyonikuta mimi yako kwenye nyumba nyingi. Ni habari ya zawadi za bibi na babu. Ukizikataa umewavunjia heshima, ukizipokea zote nyumba haitoshi. Na nyingine, kama nitakavyowasimulia, zinaweza kuleta msiba bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Mwenzenu nilijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Alipofikisha miezi mitatu, mama mkwe akapiga simu toka Sikonge, mkoani Tabora. "Nakuja kumwona mume wangu," akasema. Si mnajua utani wa bibi na mjukuu? Tukafurahi. Baba Mtoto akaenda kumpokea Kituo cha Mabasi cha Magufuli, pale Mbezi. Usiku mnene nasikia bajaji inaingia, natoka nje kupokea mgeni, nabaki mdomo wazi.

Bajaji ilikuwa imejaa hadi pomoni! Kulikuwa na tenga lenye jogoo mmoja na mitetea wawili, wote hai, waliosafiri siku nzima kupitia Manyoni, Dodoma na Morogoro. Kulikuwa na gunia la michembe. Na kulikuwa na dumu la lita tano la asali, ambalo Mama alikuwa amelipakata mapajani kama mtoto.

"Hii babu yake kairina mwenyewe," akaniambia. "Kapanda mti na miguu ile ile mibovu. Kasema ya mjukuu wake, asiguse mtu mwingine."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Lakini moyoni, wasomaji wangu, nilikuwa napiga hesabu. Sisi tumepanga vyumba viwili tu Tabata. Ua tunachangia wapangaji wanne, na mwenye nyumba alishasema hataki kuona mfugo wa aina yoyote. Kuku watatu nitawaweka wapi? Uvunguni?

JOGOO HANA ADABU

Naam, uvunguni ndiko walikolala. Saa kumi alfajiri jogoo akawika. Mtoto akashtuka, akalia. Mpangaji wa chumba cha pili, ambaye anaingia kazini usiku na ndiyo kwanza alikuwa anajinyoosha, akagonga ukuta. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mwenye nyumba akabisha hodi, na hakuja kusalimia.

Nikamwambia Baba Mtoto, "Mwambie Mama." Akanijibu, "Wewe ndiye mwenye nyumba, mwambie wewe." Nikamwambia, "Mama ni wako." Tukabaki tunarushiana mpira, na jogoo anaendelea kuwika. Mama naye alikuwa anafurahi kweli kila akimsikia. "Mume wangu kaamshwa na jogoo wake!" anasema huku anacheka. Sasa mtu kama huyo utamwanza vipi?

Lakini jogoo ni kero tu. Kero haiui mtu. Jambo lenyewe lilikuwa kwenye dumu.

KIDOLE CHENYE ASALI

Siku hiyo nilikuwa uani naanika nepi. Narudi ndani namkuta Mama kampakata mtoto, kidole chake kinachuruzika asali, kimebaki inchi moja kufika mdomoni kwa mtoto.

Weee! Nilipiga ukelele ambao hata mimi sikuutambua. "Mama, acha!" Nikamnyang'anya mtoto mikononi.

Nyumba nzima ikanyamaza. Mama akakitazama kidole chake, akakifuta kwenye khanga taratibu. Halafu akasema neno moja tu, bila kunitazama: "Nimelea watoto saba. Wote nimewalambisha asali. Baba yake huyo mmoja wao."

Jioni akamwambia mwanawe amkatie tiketi ya kurudi Tabora. Chakula hakula.

Wasomaji wangu, nisiwafiche, hapo nilikosea. Si kwa kumzuia, bali kwa namna nilivyomzuia. Kwake yeye sikuwa nimekataa asali. Nilikuwa nimekataa miguu mibovu ya babu juu ya mti, na malezi yake ya watoto saba.

Lakini na mimi nilikuwa na sababu, na ni vizuri kila mwenye kichanga aijue. Mtoto hadi atimize miezi sita anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na daktari. Na asali ina hatari yake ya ziada, hapaswi kuionja mpaka atimize mwaka mmoja. Ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa, panaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo kwetu wakubwa hazifanyi kitu. Tumbo la mtoto mchanga halijakomaa, kwa hiyo mbegu zile zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anafunga choo, ananyonya kwa unyonge, sauti ya kulia inafifia, kope na shingo vinalegea, mwisho kupumua kunakuwa shida. Kuichemsha jikoni hakusaidii, mbegu hizo ni sugu kwa moto wa nyumbani. Si kila mtoto aliyelambishwa anaugua, la hasha, wengi hawaugui. Ndiyo maana bibi zetu wana haki ya kushangaa. Ila anayeugua ni wa kukimbizwa hospitali hapo hapo.

BABA MTOTO AKAAMKA

Usiku ule Baba Mtoto akaona maji yamefika shingoni. Akaenda kukaa na mama yake kibarazani, wawili tu. Sikusikia yote, lakini nilimsikia akisema, "Mama, mkeo mwenza hana dharau, ana hofu. Twende wote kliniki kesho, ukasikie mwenyewe, ukitoka huko tiketi nakata."

Kumbe ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Mzazi husema naye mwanawe. Neno likitoka kwa mkwe lina mwiba, neno hilo hilo likitoka kwa mtoto aliyemzaa linakuwa ushauri.

Kliniki tukampata muuguzi mtu mzima, mwenye mvi. Alimwamkia Mama vizuri, akamuuliza habari za Tabora, akaisifia asali yake. Ndipo akaeleza. Mama akauliza maswali yote: na ikichemshwa? Na ikiwa kidogo tu, ncha ya kidole? Muuguzi akajibu moja moja, bila haraka. Mwisho Mama akauliza, "Na mama anayenyonyesha, naye haruhusiwi?"

"Huyo ale tu, haimfikii mtoto," muuguzi akajibu.

Mama akanigeukia. Mara ya kwanza kunitazama tangu jana yake. "Basi utakula wewe," akasema. "Mume wangu atakunywa maziwa ya mtu aliyeshiba asali ya babu yake. Si ndiyo hivyo hivyo?"

Nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Nikamwomba radhi pale pale kwenye benchi, akanipiga kofi la mgongo kwa utani. Tiketi haikukatwa. Alikaa wiki tatu.

NILICHOJIFUNZA

Kwanza, pokea. Kinachokuja na bibi si jogoo, ni mapenzi yenye manyoya. Shukrani haigharimu kitu.

Pili, tenganisha kero na hatari. Nguo isiyomtosha mtoto, mwanasesere mkubwa kuliko kitanda, gunia la michembe, hizo ni kero, zinavumilika au zinagawiwa. Kitu cha kuingia mdomoni kwa kichanga, au cha kumfunga shingoni, hapo usione haya. Sema, lakini usipige ukelele kama mimi.

Tatu, tafuta njia ya zawadi kutumika. Jogoo tulimla Jumapili, Mama mwenyewe akapika, na mpangaji wa chumba cha pili akaletewa bakuli lake, tukasameheana. Mitetea wawili tukawapeleka kwa dada yangu Kibaha mwenye eneo, kwa makubaliano kwamba vifaranga nusu ni vya mtoto. Mama kila akipiga simu anaulizia mitetea kabla ya kutuulizia sisi.

Nne, sema mapema unachohitaji. Wazee wengi wanaleta kisichofaa kwa sababu hakuna aliyewaambia kinachofaa. Nilipomwambia Mama kwamba khanga laini za zamani ndizo ninazozitaka za kumfutia mtoto, akashangaa, "Hizo tu? Ninazo sanduku zima!" Na mbuzi aliyetaka kumleta safari ijayo tumemwomba abaki Sikonge, azae huko huko kwa jina la mjukuu.

Dumu la asali bado lipo kabatini, limepungua kidogo kwa juhudi zangu. Mtoto akitimiza mwaka, babu ameahidi kuja mwenyewe na dumu jingine. Hiyo ruksa. Ila nimeshamwambia Baba Mtoto ampigie baba yake simu mapema, tena mara mbili: jogoo abaki nyumbani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.