Kunguni Hakai Kitandani Peke Yake

Mtu akiumwa na kunguni usiku, asubuhi mkono wa kwanza huenda kwa godoro. Godoro linatolewa nje, linapigwa fimbo, linaanikwa juani mpaka jioni. Wengine hulichoma kabisa na kununua lingine kwa pesa ambazo zingelipa karo. Wiki mbili zikipita kuumwa kunaanza tena, na wenye nyumba wanasema wamerogwa. Hakuna uchawi hapo. Godoro lilitoka, lakini kunguni wenyewe walibaki ndani ya nyumba, mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutazama.

Tunaandikia vikundi jambo hili kwa sababu. Nyumba moja ikipigana na kunguni peke yake mara nyingi hushindwa, hasa kama ni chumba cha ploti kinachogawana ukuta na jirani.

Mdudu mwenyewe

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, karibu sawa na punje ya kamande. Ni wa rangi ya kahawia, tena bapa kama aliyebonyezwa na kidole. Akishiba damu anavimba na kuwa mwekundu wa kuiva. Hawezi kupaa, wala haruki kama kiroboto. Anatembea tu. Lakini ule ubapa wake ndio silaha yake: penye ufa ambao ukucha wako unaweza kuingia, na yeye anaingia.

Jike anaweza kutaga hata mayai 5 kwa siku, na maishani mwake mamia. Yai ni dogo sana, jeupe, kama milimita 1, nalo limebandikwa kwenye ufa kama kwa gundi, kwa hiyo kukung'uta hakulitoi. Palipo na joto huanguliwa kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Mtoto hubambua ngozi mara tano kabla ya kuwa mzima, na kila mara lazima anywe damu kwanza. Toka yai hadi mzima ni kama wiki tano au sita. Sehemu za baridi kama Limuru na Kinangop huchukua muda zaidi.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Usiku kunguni hufuata pumzi ya mtu na joto la mwili wake, hunywa damu dakika tano hadi kumi, kisha anarudi zake. Wakati mwingine wote yuko ndani ya ufa, siku nzima, hata siku kadhaa, akingojea njaa. Anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo anayetafuta kunguni mwilini au juu ya shuka anamtafuta mahali ambapo hukaa dakika chache tu.

Wengi wanauliza kama kunguni huleta Ukimwi. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi na haijaonekana kwamba kunguni humwambukiza mtu Ukimwi, wala homa ya ini, wala malaria. Hasara yake ni nyingine: kukosa usingizi, mtoto kusinzia darasani, ngozi kujikuna hadi ikawa vidonda, na wakiwa wengi sana hata damu ya mtoto inaweza kupungua.

Mahali pa kutafuta

Chukua tochi na kitu chembamba kama kijiti au kadi ngumu. Anza na kitanda, ndiyo, lakini usiishie hapo. Tazama maungio ya mbao, matundu ya misumari, chini ya chaga, na pindo la godoro. Kisha mwangalie kwa makini ukuta ulio karibu na kichwa cha kitanda. Nyumba ya udongo ina nyufa nyingi, na kila ufa ni nyumba ya wageni. Kama kuta zimebandikwa magazeti ili zipendeze, fungua pembe ya gazeti moja. Mara nyingi utashangaa.

Ondoa kalenda ukutani. Geuza picha za fremu, saa ya ukutani, na kioo. Kunguni hupenda sana mahali hapa kwa sababu ni giza, pakavu, na hakuna anayepagusa mwaka mzima. Radio iliyowekwa karibu na kitanda ina matundu nyuma na joto kidogo, kwa hiyo nayo itazame. Soketi ya umeme pia, lakini usiingize kijiti wala kumwaga maji humo! Zima umeme kwanza, na ufunguaji mwachie fundi.

Njoo sebuleni. Makochi ndiyo kitanda cha pili cha kunguni, hasa pale mgeni au kijana wa nyumba hulala usiku. Chomoa mito, geuza kochi, tazama kile kitambaa chembamba cha chini na mahali mbao zinapokutana. Vitambaa vya kufumwa vinavyofunika makochi, mapindo ya pazia, stuli ya mzee anayokalia kila jioni, kiondo kinachoning'inia msumarini, vitabu vilivyo kando ya kitanda, hata mkongojo wenye ufa: yote yamewahi kuwa maficho.

Halafu kuna kuku. Kunguni wa nchi za joto hunywa damu ya kuku pia. Nyumba ambayo kuku hulala ndani, chini ya kitanda au jikoni, inawapa kunguni chakula hata wakati watu hawapo. Popo na ndege walio darini ni hivyo hivyo. Wajengee kuku kibanda chao mbali kidogo na nyumba, maana hapo utapata faida mbili.

Unapotafuta, huenda usimwone mdudu mwenyewe. Tafuta vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu, ambavyo ni kinyesi chake. Ngozi kavu alizobambua ni alama nyingine, na pia mayai meupe na ile harufu nzito inayojulikana.

Usihame chumba

Watu wakiumwa chumbani huhamia sebuleni. Hili ni kosa. Kunguni akikosa pumzi ya mtu hutembea kuitafuta, na baada ya siku chache makochi nayo yana wenyeji. Baki mahali pako, umlazimishe aje kwako akipitia njia uliyomtegea. Vuta kitanda kiache ukuta, shuka na blanketi visiguse sakafu. Kila mguu wa kitanda uweke ndani ya mkebe wenye maji ya sabuni. Wengine hushauri mkebe mkavu wa plastiki laini, wakisema kunguni atateleza. Kwetu usiutegemee: mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kunguni wa nchi za joto hupanda mahali palipo laini kuliko yule wa nchi za baridi. Maji ya sabuni humzamisha. Yabadilishe kila baada ya siku mbili ili usifuge mbu.

Neti isiachwe

Hapa tuna wasiwasi. Kuna jamaa waliotupa neti za malaria wakisema neti ndiyo inayoleta kunguni. Ni kweli kwamba kunguni hujificha kwenye mishono ya neti. Ni kweli pia kwamba neti zilipokuwa mpya wengi waliona kunguni wakifa, halafu wakarudi. Mwaka 2002 watafiti walichapisha habari kutoka Tanzania kwamba kunguni wa nyumba zenye neti za dawa walikuwa wamekuwa sugu. Lakini neti haizai kunguni, na mbu wa malaria bado anazuiwa nayo. Kunguni anakunyima usingizi, malaria inamzika mtoto. Kagua mishono, ponda unaowaona na ukwangue mayai, kisha fua neti kwa sabuni ya kipande na maji baridi, uianike kivulini. Usiichemshe wala kuipiga pasi.

Dawa na sumu

Dawa nyingi za dukani za kupulizia zimetengenezwa kwa kuiga nguvu ya pareto, ua ambalo wakulima wa Molo na Nyandarua wanalijua vizuri. Ni jamii moja na dawa za neti, kwa hiyo kunguni sugu kwa moja huwa mara nyingi sugu kwa nyingine. Ndiyo maana unapulizia chupa nzima na asubuhi wanatembea.

Mtu akishindwa hapo, anakimbilia sumu ya shambani au dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe. Tafadhali, msifanye hivyo. Sumu hizo hazikutengenezwa kwa godoro ambalo mtoto analalia na kuvuta hewa yake usiku kucha. Mafuta ya taa nayo yamechoma nyumba. Kama ni lazima kupulizia, tumia dawa iliyoandikwa kwamba ni ya ndani ya nyumba, fuata maagizo ya karatasi yake, na umwulize afisa wa afya ya jamii kwanza.

Silaha ya maskini ni moto, yaani joto. Joto la nyuzi 50 humwua kunguni na yai lake. Maji yanayochemka yakimiminwa katika maungio ya kitanda cha mbao yanafanya kazi ambayo chupa ya dawa haikuifanya. Shuka na nguo ziloweshe katika maji ya moto sana. Kulowesha maji baridi kutwa kucha huzamisha wadudu, lakini mayai hubaki. Pasi ya makaa ipite polepole juu ya mishono ya pazia na mapindo ya blanketi, kama kitambaa kinaistahimili. Jua peke yake halitoshi kwa godoro, kwa sababu ndani halipati joto na kunguni hukimbilia upande wa kivuli.

Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo uliochanganywa na samadi au saruji, na kuta zipakwe upya. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayodumu.

Kuna na majani ya maharagwe. Katika nchi za Balkani, huko Ulaya, watu wa zamani walitandaza majani mabichi ya maharagwe sakafuni kando ya kitanda, na asubuhi wakayachoma pamoja na kunguni. Ilidhaniwa ni hadithi, hadi mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walipotazama kwa darubini wakaona vinywele vya jani vyenye ncha kama ndoana vikimchoma mdudu miguuni na kumshika. Jani likikauka halinasi vizuri. Halimalizi kunguni wote, lakini maharagwe yako shambani tayari, na kujaribu hakugharimu kitu.

Kazi ya kikundi

Kinachowalinda kunguni kuliko ufa ni aibu. Mtu hasemi, mgeni anaketi kwenye kochi, anaondoka naye ndani ya mkoba. Kunguni si alama ya uchafu. Mwaka 2023 jiji la Paris lilikuwa na kelele za kunguni hadi kwenye treni na majumba ya sinema. Mwenyekiti akianza kwa kusema "kwangu wapo," wengine watafungua midomo.

Kikundi kichague siku moja, nyumba zote za jirani zikaguliwe na kumwagiwa maji moto pamoja. Wagawane sufuria kubwa na kuni. Rudieni baada ya siku kumi ili kuwapata waliokuwa mayai, halafu mara ya tatu baada ya siku kumi nyingine. Endeleeni kukagua miezi miwili. Mahali mnapofanyia mikutano, mabenchi yageuzwe pia.

Makochi na magodoro ya mtumba yakaguliwe barabarani kabla ya kulipa. Na siku ya kufunga shule za bweni, sanduku la mtoto lifunguliwe nje. Nguo ziende moja kwa moja kwa maji ya moto, godoro likaguliwe pindo kwa pindo, na sanduku lenyewe, kama ni la bati, limwagiwe maji yanayochemka kwenye pembe na bawaba kabla ya kuvuka mlango.