Stempu ya senti 1 iliyouzwa zaidi ya dola milioni 4

Mwezi wa Juni 2024, mjini New York, kipande cha karatasi ya buluu ambacho kidole gumba kinatosha kukifunika kiliuzwa kwenye mnada kwa dola 4,366,000, pamoja na malipo ya kampuni iliyoendesha mnada huo. Ni stempu ya Marekani ya mwaka 1868, yenye picha ya Benjamin Franklin. Siku ilipotoka posta bei yake ilikuwa senti 1, na muhuri wa posta ulioonyesha kwamba imekwisha kutumika bado uko juu yake.

Stempu, ambazo wengi hapa Congo wanaziita timbre, hazinunuliwi kwa bei ya namna hiyo kwa sababu ya uzee peke yake. Stempu nyingi za karne ya 19 zinauzwa kwa dola chache. Mfano ni ile ya senti 3 ya mwaka 1861 yenye sura ya George Washington. Ndiyo iliyobeba barua za kawaida za Wamarekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na mtu anaweza kuinunua kwa bei isiyozidi ya sahani ya chakula hotelini. Kinachoipandisha stempu hadi mamilioni ni alama ndogo ambayo mtu asiyezoea hawezi hata kuiona.

Woga wa serikali kuibiwa

Stempu hiyo ya buluu inaitwa Z Grill. Baada ya vita kwisha mwaka 1865, wakuu wa posta ya Marekani walikuwa na wasiwasi kwamba watu wanaosha muhuri kwenye stempu zilizotumika, kisha wanazibandika tena kwenye barua nyingine bila kulipa. Dawa ilitoka kwa Charles F. Steel, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya uchapaji ya National Bank Note. Alibuni mashine ya kukandamiza karatasi kwa vinundu vidogo vilivyopangwa kama wavu. Vinundu hivyo, ambavyo wakusanyaji wanaviita grili, vinakata nyuzi za karatasi ili wino wa muhuri uzame ndani na usiweze kuoshwa.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1867 na ikaachwa baada ya miaka michache. Katika muda huo grili za ukubwa na umbo mbalimbali zilijaribiwa. Miaka mingi baadaye mtaalamu William L. Stevenson alizipanga kwa herufi, na moja akaipa herufi Z. Tofauti yake ni kwamba migongo ya vinundu vyake imelala, wakati katika grili nyingine nyingi imesimama. Stempu za bei nyingine zenye grili hiyo zipo kadhaa. Za senti 1 zinazojulikana duniani ni mbili tu.

Moja ni mali ya Maktaba ya Umma ya New York, iliyoipata mwaka 1925 kwa zawadi ya mkusanyaji Benjamin K. Miller. Kwa kuwa maktaba hiyo haiiuzi, kila tajiri anayetaka kukamilisha mkusanyo wake wa stempu za Marekani za karne ya 19 anabaki na stempu moja tu ya kuifukuzia. Bei zake zinaonyesha mbio hizo: dola 90,000 mwaka 1977, dola 418,000 mwaka 1986, dola 935,000 mwaka 1998.

Mwaka 2005 stempu hiyo ilibadilisha mikono bila kuuzwa kwa fedha. Bill Gross, mfanyabiashara wa hati za mikopo, alinunua kwa karibu dola milioni 3 stempu nne zilizoshikana za mwaka 1918, zile maarufu zenye ndege iliyochapishwa miguu juu, kisha akazitoa kwa kampuni ya Mystic Stamp ili apewe Z Grill moja. Hivyo akakamilisha mkusanyo wake. Gross huyohuyo, mwaka 2007, aliuza mkusanyo wake wa stempu za Uingereza na kutoa mapato ya dola milioni 9 na zaidi kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo wanalijua kwa kazi yake hospitalini.

Historia ndani ya bahasha

Serikali ya Marekani ilitoa stempu zake za kwanza tarehe 1 Julai 1847, miaka saba baada ya Uingereza. Zilikuwa mbili: ya senti 5 yenye sura ya Franklin, kwa barua isiyokwenda zaidi ya maili 300, yaani kilomita 480 hivi, na ya senti 10 yenye sura ya Washington, kwa safari ndefu zaidi. Hazikuwa na matundu pembeni. Karani wa posta alizikata kwa mkasi, na ndiyo maana leo stempu ambayo mkasi haukugusa picha yake inauzwa ghali kuliko iliyokatwa vibaya. Eneo letu, likiwa bado chini ya Mfalme Leopold II, lilipata stempu zake za kwanza mwaka 1886.

Vita navyo viliacha alama. Mwaka 1861 majimbo ya kusini yalipojitenga, ofisi zao za posta zilikuwa na akiba kubwa ya stempu. Serikali ya Washington ilitoa stempu mpya na kuzifuta za zamani, ili waasi wasizigeuze kuwa fedha.

Mwaka 1869 posta ilijaribu jambo jingine: stempu za rangi mbili. Kila karatasi ilipita kwenye mashine mara mbili, mara moja kwa fremu na mara moja kwa picha ya katikati. Mchapaji aliyeigeuza karatasi bila kutambua alitoa picha iliyosimama kichwa chini. Kosa hilo linajulikana kwenye stempu za senti 15, 24 na 30, na zote tatu zinatafutwa sana hadi leo.

Wakati mwingine ni barua yenyewe inayookoa stempu. Kabla ya mwaka 1847 wakuu wa posta wa miji kadhaa walijichapishia stempu zao, mmoja wao akiwa wa mji wa Alexandria, Virginia. Stempu saba za mji huo ndizo zinazojulikana, na moja tu ndiyo iliyochapwa kwenye karatasi ya buluu. Ilibandikwa kwenye barua ambayo James Hooff alimwandikia mpenzi wake Jannett Brown mwezi wa Novemba 1847. Kwa vile mapenzi yao yalikuwa ya siri, alimwomba aichome. Jannett hakuichoma. Walioana, na mwaka 1907 binti yao aliiona bahasha kati ya vitu vya mama yake. Mwaka 1981 iliuzwa kwa dola milioni 1.

Wadanganyifu hawako mbali

Penye fedha nyingi hapakosi wadanganyifu. Kuna wanaokandamiza grili bandia juu ya stempu ya kawaida. Wengine wanakata matundu ya pembeni ili stempu ya mwaka 1857, mwaka ambao matundu yalianza, ionekane kama ya mwaka 1851. Wengine wanapaka gundi mpya mgongoni, au kufuta alama ya kalamu ili stempu iliyotumika ionekane mpya.

Kwa sababu hiyo mnunuzi wa stempu ghali hudai hati ya wataalamu, kama ile inayotolewa na Philatelic Foundation ya New York, taasisi iliyoanza mwaka 1945. Wataalamu wanatumia hadubini, taa ya miale ya urujuanimno na vipimo vya milimita kuhesabu vinundu, kuchunguza wino na kutafuta mahali karatasi iliposhonwa. Bila hati hiyo, hata stempu halisi inaweza kukosa mnunuzi.

Kwa mtu mwenye sanduku la barua za babu au za misheni ya zamani, mambo machache yanaweza kumwokoa na hasara, stempu iwe ya Marekani au ya nchi nyingine. Asibandue stempu kwenye bahasha, kwa maana muhuri, tarehe na anwani mara nyingi vina thamani kuliko stempu peke yake. Asiioshe, wala asiikate pembeni ili ipendeze. Aiweke mahali pakavu, mbali na jua, na aishike kwa koleo dogo. Na akija mtu kumwambia kwamba stempu yake ni ya mamilioni, swali la kwanza ni hili: hati ya uhakiki iko wapi?