Njia ya miguu ya kilometa 3,500 inayotunzwa na watembezi wenyewe: inawezekana namna gani?

Wakati nilikuwa ninasoma sekondari, tulikuwa tunapanda kilima kimoja kila asubuhi. Njia ilikuwa inazunguka mara nne mpaka kufika juu. Sisi wanafunzi tulikuwa na haraka, tukakata moja kwa moja katikati ya majani. Mwaka wa kwanza ilikuwa alama ya miguu tu. Nyuma ya miaka mitatu, mvua ilikuwa imechimba pale mfereji wa kufika magotini. Leo ni korongo, na shamba la mama mmoja pembeni limeanza kubomoka. Hakuna mtu aliyekuja na mashini kuharibu kile kilima. Ni sisi tuliopita.

Nimekumbuka kilima hicho juu ya habari za njia moja ya Marekani, inayoitwa Appalachian Trail. Ni njia ya miguu. Magari na pikipiki haviruhusiwi. Inaanza kwenye mlima Springer, katika jimbo la Georgia, na inamalizikia kwenye mlima Katahdin, katika jimbo la Maine, kaskazini kabisa. Inapita majimbo 14. Urefu wake ni kilometa 3,500 hivi, kumaanisha zaidi ya mara mbili ya safari ya ndege toka Goma mpaka Kinshasa.

Ndugu msomaji, najua utauliza: mtu mwenye gari anatembea vile juu ya nini? Huku kwetu mtu anatembea sababu barabara imekufa ao hana nauli. Kule wengi wanatembea siku moja ao mbili, kwa kupumzisha roho na kuona milima. Wachache wanaifuata yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Inawaomba miezi mitano mpaka saba, na walio wengi wanarudia njiani. Mtu wa kwanza anayejulikana kuimaliza kwa safari moja ni Earl Shaffer, mwaka 1948. Alikuwa askari aliyetoka vita kuu ya pili, na alisema alitaka kuitoa ile vita mwilini kwa kutembea.

Lakini ajabu kubwa ya njia ile si watu wanaoitembea. Ni watu wanaoitunza.

Kila kipande kina mtu wake

Wazo la njia lilitolewa mwaka 1921 na Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu. Mwaka 1925 watu walianzisha ushirika wa kuifanya, na mwaka 1937 njia ilikuwa imeunganika toka mwisho mmoja mpaka mwingine. Mwaka 1968 serikali iliweka sheria ya kuilinda. Ila sheria haikati majani. Kazi ya kila siku inafanywa na vilabu karibu 30 vya watembezi, na maelfu ya watu wanaojitolea kila mwaka bila mshahara.

Wanafanya namna gani? Kila klabu inapewa sehemu yake ya njia. Kisha klabu inagawanya sehemu hiyo, na kumpa mtu mmoja kilometa chache: hizi ni zako. Yeye anakuja mara kadhaa kwa mwaka na jembe, msumeno na rangi. Anakata majani, anatoa miti iliyoanguka, anasafisha mitaro, anapaka upya alama nyeupe kwenye miti ili wageni wasipotee. Kitu kikiharibika, inajulikana nani wa kuitwa.

Hapo njo siri ya ile njia. Kitu cha watu wote mara nyingi kinakosa mwenyewe. Wao wameacha njia iwe ya wote, lakini kila kipande wamekitafutia mtu.

Adui wa kwanza ni maji

Mtu anaweza kufikiri njia inakufa sababu ya kusahauliwa. Mara nyingi ni maji. Mvua ikinyesha, maji yanatafuta pa kushukia, na njia ya miguu ni mlango wazi. Yakipata mwendo yanabeba udongo, na kinabaki kitanda cha mawe.

Wale wa kujitolea wanazuia kwa namna nyepesi. Wanalaza gogo ao mawe kwa kukingama njia, ili maji yatoke pembeni mbele ya kupata nguvu. Kwenye mteremko mkali wanajenga ngazi za mawe. Lakini mtaro ukijaa majani na udongo, maji yanarudi njiani. Kwa hiyo mtu mwenye jembe anayesafisha mtaro kwa dakika kumi anaokoa kazi ya siku nyingi.

Mtembezi wa kawaida anasaidia namna gani?

Si lazima uwe na kipande chako. Anayepita tu pia ana kazi yake.

Ya kwanza ni miguu. Anaombwa abaki katikati ya njia, hata kukiwa matope. Kila mtu akikwepa pembeni, njia inapanuka na majani yanakufa. Na asikate kona. Kona ile iliwekwa ili mtu na maji vishuke polepole. Sisi wa kile kilima tuliyajua hayo tukiwa tumechelewa.

Ya pili ni uchafu. Kile ulichobeba unarudi nacho: sashe, chupa, hata maganda ya matunda. Kwa haja kubwa, pasipo na choo, unachimba shimo la sentimeta 15 mpaka 20, mbali na maji kwa metre 60 hivi, kisha unafunika. Maji ya mtoni njo wengine wanakunywa kule mbele.

Ya tatu ni macho. Ukikuta mti umeanguka ao daraja limelegea, unapiga picha, unaandika ni mahali gani na mti una unene gani, unatuma kwa klabu. Hivi wanajua kama watakuja na msumeno mdogo ao na ekipe nzima. Msumeno wa moto si wa kila mtu: anayeutumia pale anapaswa kuwa amefundishwa na kupewa kibali.

Ya ine ni kuchagua wakati. Wengi wanataka kuanzia Georgia mwezi wa tatu, na vibanda vya kulala vinajaa. Kwa hiyo wanaombwa kujiandikisha mbele, ao kuanzia katikati ya njia, ili udongo na vyoo visichoke.

Ya tano ni makuta. Kuna anayelipa mchango wa mwaka. Lakini hata kulala na kula kwenye miji midogo ya kandokando kunasaidia, kwani mwenyeji anayepata faida ya njia hatakubali iharibiwe.

Na kuna anayetoa siku zake. Tangu mwaka 1983 iko ekipe inayoitwa Konnarock, ya kazi nzito kusini mwa njia. Anayejiunga anapewa chakula, pa kulala na vyombo. Franga hapati.

Wakati mwingine msaada ni kutokwenda

Mwisho wa mwezi wa tisa 2024, tufani Helene ilipiga milima ya North Carolina na Tennessee. Miti mingi sana iliangukia njia. Karibu na mji wa Erwin, mto Nolichucky ulibeba daraja ambalo watembezi walikuwa wanapita. Watu waliombwa wasiende sehemu hizo: wenyeji walikuwa wanatafuta watu wao, na waokoaji hawakuhitaji mgeni mwingine wa kutafuta. Watu wa Kalehe, waliopita siku ya tarehe 4 Mei 2023 kule Bushushu na Nyamukubi, wanaelewa hilo bila kufasiriwa. Wenye misumeno waliofundishwa waliingia baadaye, wakafungua njia kipande kwa kipande.

Na kwetu?

Kwetu salongo tunaijua. Lakini mara nyingi tunatoka juu ya kuogopa amande, tunafagia mbele ya macho ya chefu, na juma linalofuata mtaro umejaa tena. Tena kuna vijiji ambapo mtu hawezi kutembea kwa uhuru, sababu ya usalama. Hatuwezi kufanya kama hilo halipo.

Hata hivyo, njia ya kwenda chemichemi, sokoni, kwenye santé ao kwenye masomo iko karibu na nyumba zetu. Haihitaji mradi kutoka mbali. Inahitaji watu wa pale wakae, wagawanye: toka kwenye mwembe mpaka kwenye daraja ni ya familia hii, toka darajani mpaka kanisani ni ya ile. Na mvua ikikoma, kila mmoja atoke na jembe kuangalia mtaro wake.

Na wanafunzi wetu wa leo wanaokata kona, tuwaambie. Sisi hakuna aliyetuambia.