Mtoto anataka kupanda farasi? Mzazi, uliza haya kabla ya kutia saini

Moshi. Mtoto anarudi nyumbani na fomu ya shule: mzazi atie saini ili aanze kujifunza kupanda farasi. Mama anaisoma mara mbili. Netiboli aliicheza mwenyewe, mpira wa miguu anaujua. Farasi amemwona kwenye televisheni tu.

Mchezo huu bado ni wa wachache nchini, ingawa Moshi si mgeni. Shule ya UWC East Africa, iliyoanza mwaka 1969 ikiitwa International School Moshi, ina upandaji farasi miongoni mwa shughuli za nje ya darasa. Kwa shule nyingi kikwazo ni gharama: farasi anakula hata likizo, na yapo magonjwa yanayomuua, yakiwamo yanayoenezwa na mbung'o na usubi.

Faida kwa mwili

Farasi anapotembea, aliyempanda hujisawazisha kila hatua. Misuli ya tumbo, mgongo na mapaja hufanya kazi, hata kama mtoto anaonekana amekaa tu. Lis Hartel wa Denmark, aliyepoozwa miguu na polio, alishinda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 akiwa juu ya farasi.

Aanzie chini

Si lazima siku ya kwanza apande. Mtoto wa Kibosho au Machame aliyezoea kukatia ng'ombe majani tayari anajua kuwa mnyama hangoji ujisikie vizuri ndipo ale. Aanze kwa kulisha, kusugua manyoya, kusafisha banda na kumwongoza farasi kwa kamba. Ajifunze pia kutosimama nyuma yake, kwa sababu hapo farasi haoni na anaweza kupiga teke. Masikio yakilala nyuma, amekasirika.

Hatari ipo

Farasi mkubwa hufikia kilo 500, na kuanguka kutoka mgongoni mwake si sawa na kuanguka uwanjani. Kabla ya kutia saini, uliza:

- Je, kila mtoto anapewa kofia ngumu ya kupandia farasi, inayomkaa vizuri na kufungwa kidevuni? Ya bodaboda haifai.
- Nani anamshika farasi wakati mtoto anajifunza, na mwalimu mmoja ana watoto wangapi?
- Farasi huyo amezoea watoto?
- Nani anajua huduma ya kwanza, na gari la kwenda hospitali lipo?

Hakikisha pia chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati, na mtoto avae viatu vilivyofunika miguu, vyenye kisigino kifupi.

Mtoto akiangukia kichwa, asipande tena siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kuuma, mpeleke hospitali mara moja.

Shule iliyojiandaa haitachoshwa na maswali haya. Ikikosa majibu, fomu isubiri.