Mlio Mmoja Mfupi

"Haiwaki," mama mdogo aliniambia kwenye simu.

"Taa ya mbele inawaka?"

"Inawaka."

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka, tena kwa kelele."

"Sasa haiwaki vipi?"

"Haiwaki, mwanangu. Njoo uone."

Nikapanda basi kwenda Tanga. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, sanduku lililokuwa jeupe zamani na sasa lina rangi ya chai ya maziwa. Aliinunua ikiwa mtumba mwaka 2008, na ndani yake zimo picha za harusi ya bintiye ambazo hazipo kwingine kokote. Ilikuwa imekaa stoo miaka, imefunikwa kanga. Nilipobonyeza kitufe, taa iliwaka, feni zikaunguruma, kioo cha monita kikabaki cheusi. Kisha sanduku likaanza kulia: tiiii, kimya, tiiii, kimya, tiiii.

Mama mdogo akashika tama. Mimi nikafurahi, maana mgonjwa anayeweza kusema wapi panauma ana nafuu.

Tatizo moja liko katika neno letu wenyewe. Kompyuta "imewaka" kama taa inavyowaka, na taa ina hali mbili tu. Kompyuta hupita vituo, mfano wa daladala, na yaweza kukwama kwenye chochote. Mashine iliyokwama kituo cha kwanza na iliyokwama cha mwisho zote tunasema haziwaki, ilhali ni magonjwa yasiyojuana hata kidogo.

Kituo cha kwanza ni umeme. Je, wajua kwamba kile kitufe cha mbele hakiungi wala hakikati umeme wa ukutani? Katika muundo wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995, kubonyeza kitufe ni kupiga hodi tu. Pawa saplai iliyochomekwa hailali kabisa. Muda wote hutoa volti 5 za kumlisha bawabu mdogo aliye kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Ukipiga hodi, bawabu hutuma ishara kupitia waya wa kijani, na hapo pawa saplai huamka, ikatoa volti 12, 5 na 3.3, ikajipima, kisha ikajibu kupitia waya wa kijivu kwamba umeme umetulia. Mpaka jibu hilo lifike, prosesa huzuiliwa isifanye lolote.

Kwa hiyo sanduku lisiloonyesha dalili yoyote ya uhai lina kesi na umeme, si na Windows. Angalia soketi, angalia waya, kisha zunguka nyuma. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Marekani hutumia volti 120, na mtumba wa huko huweza kufika bandarini na swichi ikiwa bado kwenye 115. Ichomeke hivyo kwenye 230 zetu na utasikia mlipuko, utanusa moshi, na hiyo pawa saplai utakuwa umeizika. Usiifungue kuichungulia: kapasita zake kubwa hushika zaidi ya volti 300, na huweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya.

Ya mama mdogo ilikuwa imevuka hapo salama.

Kituo cha pili ni prosesa yenyewe. (Sanduku zima mtaani linaitwa CPU, wakati CPU ya kweli ni kile kidude kidogo kama biskuti kilichojificha chini ya feni. Nimeacha kubishana.) Prosesa za ukoo wa Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, zina tabia ya ajabu: zikiamka hazina kumbukumbu ya chochote, ila anwani moja tu. Kwenye 8086 yenyewe anwani hiyo iko baiti 16 kabla ya mwisho wa anwani zote inazoweza kuzifikia. Pale nafasi ni finyu, hivyo huwekwa amri moja fupi: ruka, nenda kule. Huko "kule" ndiko iliko BIOS, programu ya kuiamsha mashine; jina lake alilibuni Gary Kildall kwenye mfumo wake wa CP/M katikati ya miaka ya 1970.

BIOS kwanza huhesabu watu wa nyumbani. RAM, yaani kumbukumbu, ipo? Kadi ya picha ipo? Kibodi ipo? Akikosekana mtu muhimu, inabidi iseme, lakini iseme vipi ikiwa kadi ya picha haijaamshwa na kioo hakina pa kupokelea maandishi? IBM PC ya kwanza, iliyozinduliwa tarehe 12 Agosti 1981, ilisema kupitia kispika kidogo cha ndani. Mlio mmoja mfupi: salama. Mmoja mrefu na miwili mifupi: tazama kadi ya picha. Watengenezaji waliofuata wakazusha lahaja zao. BIOS za AMI hupenda kuhesabu milio, na mitatu huashiria hitilafu katika mwanzo wa kumbukumbu. Za Award hutoa mlio mrefu unaojirudia bila kuchoka RAM isipoonekana. Sanduku lisilolia kabisa nalo huenda kispika chake kiling'olewa zamani, au halikuwahi kuwa nacho.

Mlio mrefu unaojirudia ndio niliokuwa nikiusikia. Nilichomoa waya wa ukutani, nikabonyeza kitufe na kukishikilia kidogo ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha sanduku kujitoa umeme tuli, kisha nikafungua. Vumbi lilikuwa kama blanketi. Kando ya feni alikuwepo mjusi kafiri, mkavu kama karatasi, ambaye mama mdogo alimhukumu papo hapo ingawa hakuwa na hatia. Mkosaji ni upepo wa bahari. Unyevu na chumvi huacha utando mwembamba kwenye yale meno ya rangi ya dhahabu ya RAM, na utando huo unatosha kuzuia mguso. Dawa yake ni raba ya penseli. Nilimwomba mjukuu wa mama mdogo raba yake, nikasugua meno taratibu pande zote mbili, nikapangusa, nikairudisha RAM mpaka vibanio vikalia "tak".

Nikiwa humo nikakagua kapasita, vile vikopo vidogo vinavyoizunguka prosesa. Kichwa cha kikopo kizima huwa bapa. Kilichovimba ni mgonjwa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi zilibeba kapasita zenye kimiminika kilichochanganywa vibaya. Maji ndani yake yalishambulia aluminiamu, yakazalisha gesi ya haidrojeni, na vikopo vikafura mpaka kupasuka. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya mashine zenye tatizo hilo. Kwenye mashine ya mama mdogo, vikopo viwili vilikuwa vimeanza kutuna. Mashine ya namna hiyo haina maisha marefu.

Nikawasha. Tii! Mara moja, fupi.

Kioo kikaandika kwamba betri ya saa imekufa. Ni ile betri bapa ya CR2032, na namba hiyo ni vipimo vyake: milimita 20 upana, 3.2 unene. Mashine ikichomekwa, saa hula umeme wa ukutani. Ikikaa stoo, betri hubeba mzigo peke yake. Sanduku liliamini tuko mwaka 2004, bibi harusi bado yuko sekondari.

Kilibaki kituo cha mwisho, diski kuu. BIOS husoma baiti zake 512 za mwanzo tu, na hutazama kama mbili za mwisho zina alama inayotakiwa. Zilikuwepo, Windows ikafunguka, nami nikahamisha picha kwenye flashi kabla hata ya kunywa chai. Diski ingekuwa inagonga tak-tak-tak ningeizima mara moja na kuitafutia mtaalamu, kwani kila jaribio jipya laweza kuikwangua zaidi.

Siku yako ikifika, usimwambie fundi kwamba haiwaki. Mwambie taa ilifanya nini, feni ilifanya nini, na sanduku lililia mara ngapi, mirefu au mifupi.