Uso wa Mmakonde na Hukumu Zetu

Mwanamke wa Kimakonde wa vizazi vilivyopita hakuamka siku moja akavaa ndonya. Alitobolewa mdomo wa juu kwa mwiba akiwa msichana mdogo, tundu likatiwa kijiti chembamba, kidonda kikapona, kijiti kikabadilishwa kwa kinene zaidi. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka, hadi mdomo ukaweza kubeba kipande cha mti cha mviringo, na wenye uwezo wakachongewa cha mpingo kilichong'arishwa. Kwa watu wa kwao, uzuri wa mwanamke mzima ulikuwa huo. Leo picha ya bibi kama huyo ikipita kwenye simu zetu, inafuatwa na vicheko, na wanaocheka ni wajukuu wa watu waliochanjwa chale, waliotogwa masikio na kuchongwa meno. Nataka kuwatetea mabibi hao. Nikiwatetea wao, nitalazimika pia kusema neno juu ya vijana wa leo wanaochorwa tatuu, kwa kuwa hukumu tunazowatupia wote wawili zinatoka mahali pamoja.

Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma. Huku ni Uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, Newala na vijiji vyake. Ng'ambo ni uwanda wa Mueda katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Nchi hizo za juu zilikuwa na vichaka vizito na maji ya shida, na katika karne ya 19, enzi za biashara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni, zilikuwa kimbilio. Wareno walidai kuitawala Msumbiji kwa karne nyingi, lakini Mueda hawakuitia mkononi hadi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa Leipzig, alifika Masasi na Newala mwaka 1906 na kukuta ndonya na chale zikiwa jambo la kila siku. Alizipiga picha na kuziandikia kitabu kilichosomwa sana Ulaya. Huko zilitazamwa kama vituko vya Afrika. Huku kwetu zilikuwa lugha ambayo kila mwenyeji aliisoma bila kufundishwa darasani.

Upande wa Msumbiji chale hizo ziliitwa dinembo, na aliyezichanja alikuwa fundi mwenye jina. Alitumia kisu kidogo, akakata ngozi kwa mistari mifupi, kisha akasugua kwenye majeraha masizi ya mbarika ili alama ikipona iwe na weusi unaoelekea buluu. Mara moja haikutosha. Alama zilirudiwa baada ya miezi, tena na tena, mpaka zikainuka juu ya ngozi na kuguswa kwa kidole. Usoni palichorwa mistari inayopanda na kushuka na pembe zilizopangana; kifuani, tumboni, mgongoni na mapajani palichorwa mitende, buibui, mijusi na mamba. Alama za kuzunguka kitovu na za mapajani zilikuwa za mwanamke, zikihusishwa na mvuto kwa mume, uzazi na kinga dhidi ya mabaya. Wengi walichongwa meno pia yakawa na ncha.

Yako maelezo mepesi yanayosimuliwa mara nyingi, kwamba ndonya na chale zilibuniwa ili wafanyabiashara wa watumwa wawaone watu hawa wabaya na kuwaacha. Mimi siyakubali. Mtu anayejiharibu ili asitamaniwe hatafuti fundi bora, hang'arishi mpingo, wala haweki chale pajani ambapo mnunuzi haoni na mume ndiye anayeona. Maelezo hayo yanatufariji sisi wa leo, maana yanatuwezesha kuamini kwamba bibi zetu nao, mioyoni mwao, waliona kama tunavyoona. Hawakuona hivyo. Walijipamba kwa sababu walipenda walichokiona, na hawakuhitaji adui wa kuwapa sababu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine zaidi ya urembo, na ndilo ninalotaka msomaji alishike. Mwili wa Mmakonde haukuwa mali ya mwenyewe peke yake. Msichana alipochanjwa, mama, bibi na shangazi walijua, na fundi alikuwa mtu wa kijiji ambaye angekutana na familia hiyo kisimani na msibani. Kidonda kikioza, alikuwepo wa kuulizwa. Aliyelia aliimbiwa na kutiwa moyo. Katika jando na unyago watoto walifundishwa namna ya kuishi na watu wazima, namna ya kuheshimu ndoa, na wajibu wa mtu kwa ukoo wa mama yake, kwa kuwa Wamakonde hufuata ukoo wa kike. Jamii iliyousoma uso wako ndiyo jamii iliyokulea. Ilikuwa na haki ya kuusoma kwa sababu ilikuwa imeshiriki kuuandika.

Haki hiyo ilianza kupotea pale Mmakonde alipotoka kwenye uwanda wake. Maelfu ya wanaume walivuka Ruvuma wakikimbia kazi za lazima za Wareno, wakaenda mashamba ya mkonge ya Lindi, Tanga na kwingineko Tanganyika. Wengine walifika hadi Kwale, Kenya, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Waliotoka Msumbiji waliitwa Wamawia, na mijini wengi walipata kazi ya ulinzi wa usiku. Nyuso zao zilitisha watu, na matajiri wakaona hofu hiyo inafaa kulinda maduka. Tazama jinsi maana ilivyogeuzwa: alama iliyosema kijijini kwamba huyu ni mtu aliyelelewa, mjini ikasema huyu ni mtu wa kuogopwa. Ngozi ni ileile, wasomaji ndio waliobadilika, na wasomaji wapya hawakuwahi kumpa uji mtu wanayemhukumu.

Wajukuu wa wale waliofika Kwale waliishi Kenya miongo mingi bila uraia. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, wakaanza kupewa vitambulisho, na mwaka 2017 Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Babu zao walibeba utambulisho usoni, mahali ambapo hakuna askari awezaye kuudai au kuupoteza. Kwa dola ya leo alama hiyo haikuwa na thamani yoyote bila kadi.

Wakati uso wa Mmakonde ukidharauliwa, uso wa kinyago chake uliuzwa ghali. Kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma, lipiko, huwekewa nywele za mtu na chale zilezile, mara nyingi kwa nta iliyoinuliwa juu ya mti. Mapiko ya namna hiyo yamo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam walijenga sanaa inayojulikana dunia nzima, ya mitindo ya shetani na ujamaa, na mpaka leo watalii huenda Mwenge kununua. Sisi wenyewe tunaweka vinyago hivyo sebuleni na kuwapa wageni wa serikali kama zawadi ya taifa. Chale zikiwa kwenye mpingo tunaziita urithi, na zikiwa kwenye shavu la bibi kizee aliyepanda daladala, watoto wetu wananong'onezana na hatuwakanyi.

Zilizoziua chale na ndonya ni nguvu kadhaa zilizokutana. Uislamu na Ukristo vilikataza kukata mwili alioumba Mungu. Wamisheni wengine walikuwa na hekima ya kuchagua: Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, aliliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Shule nazo ziliwaaibisha watoto wenye alama. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, chama cha Frelimo, ambacho kilikuwa kimepigana vita yake kwa msaada mkubwa wa Wamakonde, kilizitazama alama hizo kama mabaki ya ukabila. Vijana hawakuhitaji kulazimishwa sana, kwani hakuna anayependa kuitwa mshamba.

Tanzania nayo ilikuwa na hukumu zake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwavua Wamaasai ngozi na udongo mwekundu na kuwavisha nguo za kisasa. Karibu wakati uleule, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Mmaasai alihukumiwa kwa kubaki nyuma, na binti wa mjini kwa kukimbia mbele mno. Kati yao palibaki ujia mwembamba wa mwili unaokubalika, na hakuna aliyeeleza wazi mipaka ya ujia huo iliwekwa na nani.

Ujia huo bado tunao, na leo anayesimamishwa ni kijana mwenye tatuu. Anaambiwa ameiga Wazungu. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inasikitisha kwamba inatolewa na watu wazima wenye chale za dawa vifuani mwao, walizochanjwa utotoni ili kuzuia degedege. Watu wa nchi hii walikuwa wakiandika ngozi zao kabla mwanafunzi wa kwanza wa shule ya misheni hajajifunza kushika kalamu. Mwislamu anayesema dini yake inakataza chale za wino na kuruhusu hina ana hoja ya kuheshimiwa, kwani anajitawala kwa imani yake. Mkristo anayekumbusha Mambo ya Walawi 19:28 naye vivyo hivyo. Jeshi la Polisi likisema katika tangazo la ajira kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini, limeweka sharti la kazi, nalo linaweza kujadiliwa kama masharti mengine. Lakini anayesema "huu si Uafrika" anasema jambo lisilo kweli, na anamtukana bibi yake mwenyewe bila kujua.

Pima pia kwa mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya kwa miaka mingi, na mwishoni mwa 2018 Rwanda ilianza msako wa kuziondoa madukani. Zebaki hudhuru figo, nayo haidrokwinoni ikitumika ovyo inaweza kuacha mabaka ambayo hayaondoki kirahisi. Hata hivyo bibi harusi aliyejichubua mwezi mzima kabla ya sherehe husifiwa ukumbini kwamba ameng'ara, na shangazi aliyempelekea kopo haulizwi kitu. Mdogo wake mwenye ua dogo la wino kwenye kifundo cha mkono ndiye anayeitiwa kikao. Tukipima kwa madhara, tungeanza na kopo. Tunaanza na ua kwa sababu tunachopima ni kile kinachotuaibisha mbele za watu.

Sisemi kwamba kila kilicho cha kale kirudi. Msichana mdogo aliyetobolewa mdomo hakuulizwa kama anataka, na uchungu wake ulikuwa wa kweli hata kama aliimbiwa. Ukeketaji nao ulitetewa, na unatetewa, kwa jina la mila. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliufanya kuwa kosa kwa wasichana chini ya miaka 18, na Kenya ikatunga sheria yake maalumu mwaka 2011. Sheria hizo ziliwakomboa watoto, nami naziunga mkono bila kusita. Vilevile janga la UKIMWI, ambalo Tanzania iliwagundua wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, lilitufundisha kwamba wembe mmoja usipite kwenye ngozi mbili. Funzo hilo linamhusu mganga wa chale kama linavyomhusu mchora tatuu wa kichochoroni.

Basi vipimo viko wazi, na havihitaji kuazimwa popote. Aliyefanyiwa ni mtu mzima, na ameridhia? Chombo ni safi, na fundi anajua kazi yake? Mwenye mwili ameelezwa kwamba wino haufutiki kirahisi, kwamba ajira fulani zitamfungia mlango, na kwamba moyo wa miaka 19 si moyo wa miaka 40? Majibu yakiwa ndiyo, iliyobaki ni ladha, na ladha ya mtu haiitishiwi baraza.

Hata hivyo sitaki tuishie kwenye kumwachia kila mtu mwili wake na kugeuka kando. Wamakonde wa zamani walijua jambo ambalo tumelipoteza sote, wanaolaumu na wanaolaumiwa: kwamba alama ya kudumu ni shughuli ya watu. Kijana wa leo anaingia peke yake kwa mchoraji asiyemjua, anatoka na jina la mpenzi begani, na mara ya kwanza wazazi wanapoongea naye juu ya mwili wake ni siku ya kumfokea. Tumeua malezi yaliyoambatana na alama, tukabakiza hukumu. Hukumu isiyo na malezi haimfunzi mtu. Inamfundisha kuvaa mikono mirefu anapokuja nyumbani, basi.

Mzazi azungumze na mwanawe juu ya mwili kabla mwanawe hajachagua mchoro. Mjomba na shangazi wairudie kazi yao ya kuulizwa maswali ambayo mtoto hathubutu kumuuliza mama. Mwalimu wa historia atoke kwenye tarehe za vita afundishe dinembo na ndonya kama anavyofundisha Kilwa na Zimbabwe Kuu, ili mtoto wa Mtwara asione haya ya uso wa bibi yake. Na sisi tunaopenda kuhukumu picha za watu wasiotujua, tujiulize kwanza kama tumewahi kumlea huyo tunayemhukumu, au kumpa hata nasaha moja kwa upole. Kama hatujawahi, tunyamaze, kwani hatuna haki juu ya ngozi hiyo.